Kompyuta ya mezani haiwaki: tafuta kwanza imekwama wapi

"Fundi, mashine imekufa kabisa." Mwalimu mmoja alinipigia simu na maneno hayo, sauti imemshuka, kwa sababu maswali ya mtihani aliyoyatunga wiki nzima yalikuwa humo ndani. Nikamwambia, "Pole sana, mwalimu. Hebu iwashe tena tukiwa kwenye simu. Feni inazunguka?" Akasema inazunguka. "Sasa bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Ile taa yake ndogo inawaka na kuzimika?" Kimya kidogo, halafu akajibu, "Inawaka. Nikibonyeza tena inazimika." Basi mashine ilikuwa hai, inafanya kazi zake zote, ila picha haikuwa inafika kwenye monita. Meza ilikuwa imesogezwa wakati wa kufagia na kebo ya nyuma ikalegea.

Neno "haiwaki" hubeba magonjwa mengi yasiyofanana. Kuna mashine isiyotoa hata mlio, kuna inayoshtuka sekunde moja ikazima, kuna inayozungusha feni huku skrini ikiwa nyeusi, na kuna inayofika mpaka kwenye nembo ya Windows ikagoma hapo. Kila moja ina chanzo chake.

Kuwaka kwa kompyuta ni safari yenye vituo. Umeme unatoka ukutani, unaingia pawa saplai (kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kasha), na huko unageuzwa kuwa volti 12, 5 na 3.3. Madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote, ikiona umeme huo umetulia, inaiamsha prosesa, ubongo wa kompyuta. Prosesa inasoma BIOS (programu ndogo ya kuwashia iliyo kwenye madabodi), BIOS inakagua rami (kumbukumbu ya muda), kisha kadi ya picha, kisha inatafuta diski yenye mfumo endeshi kama Windows. Kituo kimoja kikikwama, vinavyofuata havianzi. Kwa hiyo kazi yote ni kujua safari imeishia kituo gani. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua rami mpya, kisha pawa saplai mpya, kisha madabodi mpya, na mwisho kosa likaonekana kwenye waya mmoja ambao haukuingia vizuri.

Kabla ya kugusa chochote ndani ya kasha, zima swichi ya nyuma na uchomoe waya wa umeme ukutani. Shika sehemu ya chuma ya kasha isiyopakwa rangi ili umeme tuli wa mwilini utoke, maana cheche usiyoihisi kabisa inaweza kuharibu rami. Na pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake kubwa (vifaa vinavyohifadhi chaji) huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa. Pawa saplai hupimwa kwa nje, na ikiwa mbovu hubadilishwa nzima.

Kimya kabisa: hakuna taa, hakuna feni

Anzia ukutani. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile unayotumia kwa kompyuta, na kama unatumia ekstensheni, iruke kwanza uchomeke moja kwa moja. Angalia swichi ndogo iliyo nyuma ya pawa saplai: alama ya mstari ni kuwaka, ya duara ni kuzima. Waya wa umeme wenyewe nao hufa. Chukua wa monita, una plagi ileile mara nyingi, ujaribu.

Pawa saplai za zamani zina kitelezi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 mahali penye umeme wa volti 230, utasikia mshindo na harufu ya kuungua, na hapo hakuna cha kuokoa kwenye pawa saplai hiyo. Kikiwa kinyume chake, mashine huwa inakosa nguvu ya kuwaka tu, na ukikirudisha mahali pake mambo yanakuwa sawa. Za kisasa nyingi hazina kitelezi hicho, zinajichagulia zenyewe.

Sasa fanya jambo ambalo limerudisha mashine nyingi bila kununua kitu. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza swichi ya kuwashia na uishikilie kwa sekunde kama 30. Subiri dakika chache, rudisha waya, washa. Umeme ukiwa umekatika na kurudi kwa kishindo, kinga ya ndani ya pawa saplai hujifunga ili kulinda vifaa, na haijifungui mpaka chaji iliyobaki kwenye kapasita iishe. Kule kubonyeza kunaimaliza hiyo chaji.

Bado kimya? Fungua ubavu wa kasha, rudisha umeme bila kugusa kitu ndani, na utazame madabodi. Nyingi zina taa ndogo inayowaka muda wote umeme ukiwepo, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Taa hiyo inalishwa na volti 5 za akiba ambazo pawa saplai hutoa saa zote ikiwa imechomekwa. Ikiwaka, umeme wa akiba unafika, kwa hiyo shaka ya kwanza inahamia kwenye swichi ya kuwashia. Isipowaka, shaka inabaki kwenye pawa saplai au madabodi, ingawa zipo madabodi ambazo hazina taa hiyo kabisa.

Swichi ya kuwashia hupimwa kwa urahisi sana. Kutoka mbele ya kasha kuna nyaya nyembamba zinazoingia kwenye pini za kona ya chini ya madabodi, na kiplagi kimoja kimeandikwa PWR SW, kingine RESET SW. Zima umeme, chomoa kile cha PWR, weka cha RESET kwenye pini zake, kisha rudisha umeme na ubonyeze kitufe cha kuanzisha upya kilicho mbele. Mashine ikiwaka, kitufe chako cha kuwashia ndicho kilichochoka, na unaweza kuendelea kutumia kile cha pili kwa miaka. Kasha lisilo na kitufe cha pili, gusisha zile pini mbili za PWR kwa ncha ya bisibisi mara moja na uachie. Hapo pana volti 5 au chini yake, haidhuru mkono, lakini hakikisha ni pini zenyewe kwa kufuata kitabu cha madabodi.

Kwa pawa saplai, mwenye multimita (mita ya kupimia umeme) ana jibu ndani ya dakika tano. Ile plagi pana ya pini 24 ina waya wa zambarau. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi wowote, nyekundu kwenye zambarau. Mashine ikiwa imezimwa lakini imechomekwa, utaona takriban volti 5. Usipoona kitu, ichomoe plagi hiyo kwenye madabodi (umeme ukiwa umezimwa) na upime tena ikiwa peke yake. Ikirudi 5, basi kuna kitu kwenye madabodi kinaivuta chini, pengine shoti. Isiporudi, pawa saplai imekwisha.

Volti 5 zikiwepo, kuna hatua moja zaidi. Umeme ukiwa umezimwa na plagi ya pini 24 imetolewa kwenye madabodi, unganisha waya wa kijani na mweusi wa jirani yake kwa kipande cha waya au kibanio cha karatasi, kisha washa swichi ya nyuma. Kijani ndiyo waya ambao madabodi huutumia kuiambia pawa saplai "amka", na hapa wewe unaiambia badala yake. Feni ya pawa saplai inapaswa kuzunguka, japo baadhi ya aina mpya huiacha feni imesimama mpaka joto lipande, kwa hiyo amini mita kuliko feni. Nyaya za njano zitoe volti 12, nyekundu 5, za machungwa 3.3. Kuyumba kwa asilimia 5 kunakubalika, yaani ile ya 12 ikiwa kati ya 11.4 na 12.6 hamna tatizo. Kama nyaya zote ni nyeusi, fuata nafasi za pini kwenye mchoro badala ya rangi. Na baadhi ya kompyuta za ofisini za kampuni kubwa zina plagi za muundo wao wenyewe, hizo usizipime kwa njia hii bila mchoro wake.

Inashtuka sekunde moja, inazima

Feni inajaribu kuzunguka nusu mzunguko halafu inasimama. Wakati mwingine inarudia hivyo yenyewe bila kuchoka. Huu si ugonjwa wa diski wala wa Windows, safari haijafika huko. Mara nyingi ni kinga inayozima kwa sababu imeona umeme unavuja au unavutwa kupita kiasi.

Ikiwa mashine imetoka kuunganishwa au kusafishwa, tazama mambo mawili kabla ya yote. La kwanza ni ile plagi ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa, juu kabisa kwenye kona. Inasahaulika kuliko zote, kwa sababu ya pini 24 ni kubwa na inamridhisha mtu kwamba umeme umeshafika. Bila hiyo prosesa haipati chakula. La pili ni nyuma ya madabodi: inakaa juu ya vijiguu vya shaba, na kijiguu kimoja kikiwa mahali ambapo madabodi haina tundu la skrubu, kinagusa miguu ya vifaa kwa chini na kupiga shoti. Skrubu iliyoanguka na kujificha huko hufanya vilevile. Liinue kasha, litikise taratibu, usikilize.

Ikiwa mashine ilikuwa nzima jana na haijafunguliwa, anza kupunguza. Chomoa kila kitu cha USB, cha mbele na cha nyuma, ujaribu. Tundu la USB la mbele lililopinda pini kwa kuchomekwa flashi kwa nguvu linaweza kuzuia mashine nzima isiwake. Kisha toa diski, toa kadi ya picha kama prosesa ina picha yake yenyewe, toa rami moja, kila mara ukijaribu kuwasha. Pale itakapotulia, kifaa cha mwisho ulichokitoa ndicho cha kuchunguza.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Hili ndilo linalowatesa watu zaidi, na ndilo lenye vyanzo vingi, kwa hiyo usilikimbilie.

Fanya kipimo cha Caps Lock kama nilivyofanya na mwalimu. Taa ya kibodi ikiitikia, mashine imemaliza ukaguzi wake na shida iko upande wa picha: kebo, monita, tundu. Bonyeza kitufe cha monita kinachochagua chanzo cha picha, maana monita iliyowekwa kwenye HDMI haioni kinachotoka DisplayPort. Kisha tazama nyuma ya kasha kebo imechomekwa wapi. Kompyuta yenye kadi ya picha ina matundu ya aina mbili: ya madabodi, yaliyo juu pamoja na ya USB, na ya kadi, yaliyo chini yamelala. Kadi ikiwepo, kebo iende kwenye kadi. Na ukiwa umetoa kadi ili kujaribu, kumbuka kwamba si kila prosesa inaweza kutoa picha yenyewe. Zile za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina, kwa mfano i5-12400F, hazina kitengo cha picha, hivyo bila kadi skrini itabaki nyeusi hata kila kitu kikiwa kizima.

Kadi kubwa za picha zina plagi zao za umeme, za pini 6, 8 au zaidi. Zisipochomekwa zote, feni za kadi huweza kuzunguka bado na picha isitoke.

Caps Lock isipoitikia, ukaguzi umekwama njiani. Madabodi nyingi za sasa zina taa nne ndogo kando ya plagi ya pini 24 zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, yaani prosesa, rami, picha na diski ya kuanzia. Zinawaka kwa zamu mashine inapokagua, na ile inayobaki inawaka ndiyo kituo kilichokwama. Ni msaada mkubwa kuliko chombo chochote nilicho nacho. Madabodi za zamani zilitumia milio badala yake. Mlio mmoja mfupi ulimaanisha mambo sawa, na kwenye BIOS ya Award mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ulilaumu kadi ya picha. Kila mtengenezaji wa BIOS ana lugha yake ya milio, kwa hiyo tafsiri yake isome kwenye kitabu cha madabodi yako. Kama hakuna spika ndogo kwenye pini za SPEAKER, mashine inaweza kuwa inalia na usisikie.

Katika uzoefu wangu, ukisikia feni bila picha, mkono uende kwenye rami kwanza. Zitoe zote. Zitazame miguu yake ya dhahabu kwenye mwanga: rami nzima ina mng'ao sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na yenye shida utaiona ina ukungu wa kahawia, kama alama ya kidole iliyokauka, mara nyingi upande mmoja tu. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo spiriti safi, acha ikauke. Wengi hutumia kifutio cha penseli. Kinasaidia, lakini kinakwangua dhahabu na kuacha vumbi la mpira, kwa hiyo mimi nakiacha mpaka spiriti ishindwe. Puliza tundu la rami kwa hewa ya kopo au pampu, si kwa mdomo, mate yana unyevu.

Rudisha rami moja tu. Isukume mpaka usikie kibanio kikisema "tak", na kama vibanio ni viwili usikie mara mbili. Rami iliyoingia upande mmoja tu inaonekana imeingia kabisa ukiitazama kwa juu. Itazame kwa pembeni. Kwenye madabodi zenye matundu manne, rami moja huwekwa kwenye tundu la pili kuhesabu kutoka kwa prosesa, wengi wa watengenezaji wanasema hivyo. Jaribu rami ya kwanza, kisha ya pili kwenye tundu lilelile, kisha tundu jingine, ili ujue kama mbovu ni rami au tundu.

Kwa mashine mpya zenye rami za DDR5, uwe na subira. Mara ya kwanza kuwaka, au baada ya kufuta mipangilio ya BIOS, inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa ikijifunza kasi ya rami zake. Watu huizima katikati, inaanza upya, wanaizima tena, na wanaamini imeharibika. Iache dakika 15 ndipo uhukumu.

Rami zikiwa nzima, futa mipangilio ya BIOS. Chomoa umeme, toa ile betri bapa ya duara iliyo kwenye madabodi, bonyeza swichi ya kuwashia mara mbili tatu, ngoja dakika tano, rudisha betri. Wengine, badala ya kutoa betri, watatumia jampa, yaani kiunganishi cha pini mbili, iliyoandikwa CLR CMOS. Hii husaidia sana pale ambapo mtu aliongeza kasi ya rami au prosesa kwenye BIOS na mashine ikakataa kurudi. Kama umebadilisha prosesa juzi, huenda BIOS ya madabodi ni ya zamani kuliko prosesa hiyo na haiitambui. Irudishe ya zamani, sasisha BIOS, kisha weka mpya.

Yote yakishindwa, toa madabodi kwenye kasha, iweke juu ya boksi kavu la karatasi ngumu, na uache vitu vinne tu: prosesa na feni yake, rami moja, pawa saplai, na kebo ya picha (au kadi kama prosesa haina picha). Iwashe kwa kugusisha pini za PWR. Ikiwaka hapo mezani, kosa lilikuwa kwenye kasha au kwenye kifaa ulichokiacha pembeni, na utavirudisha kimoja kimoja mpaka kijitaje. Isipowaka, umebaki na washukiwa wachache, na hapo ndipo kuazima pawa saplai au rami ya mtu kuna maana.

Inawaka kwa kubembelezwa, au inajizima yenyewe

Mama mmoja mwenye kazi ya kuchapa barua aliniambia mashine yake "inaona baridi". Asubuhi alikuwa anaibonyeza mara nne, mara tano, mpaka iwake, na ikishawaka inafanya kazi hadi jioni. Mwezi uliofuata ikawa mara kumi. Mwishowe ikagoma.

Alikuwa ameielezea vizuri kuliko alivyojua. Nilipofungua kasha nikamulika tochi karibu na prosesa. Pale kuna safu ya kapasita, vikopo vidogo vyenye kifuniko bapa cha fedha kilichochongwa alama ya msalaba. Kwenye mashine nzima vifuniko hivyo vimenyooka kama meza. Vya mashine yake vitatu vilikuwa vimevimba katikati, na kimoja kimepasuka kwenye msalaba na kutoa ute wa kahawia uliokauka kama utomvu wa mti. Kapasita iliyochoka hushindwa kutuliza umeme ikiwa ya baridi, na ikipata joto hujikaza kidogo, ndiyo maana asubuhi ilikuwa ngumu. Kapasita zenye maji mabovu zilisambaa sana kwenye vifaa vya miaka ya mwanzo ya 2000. Madabodi za sasa nyingi hutumia kapasita kavu ambazo hazivimbi hivyo, lakini ndani ya pawa saplai za maji bado zipo, na dalili ni ileile. Mashine inayohitaji kubembelezwa asubuhi inakupa taarifa mapema. Nakili mafaili yako siku hiyohiyo.

Inayowaka vizuri na kuzima baada ya nusu dakika au dakika chache ina habari nyingine: joto. Prosesa nyingi hujizima joto likizidi kiwango chake. Tazama kama feni ya prosesa inazunguka, kama vumbi halijaziba mapezi ya kipoza joto, na kama miguu yake minne yote imeshika. Mguu mmoja ukiachia, kipoza kinaegemea upande na prosesa inachemka. Ukikitoa, futa pesti ya joto ya zamani yote na uweke mpya, tone dogo kama punje ya dengu katikati. Kukirudisha juu ya pesti iliyokauka ni kujirudishia tatizo.

Inayozima ghafla pale tu unapofungua mchezo au programu nzito, wakati joto liko sawa, inailaumu pawa saplai: haina nguvu za kutosha au imezeeka.

Maandishi yanatokea, halafu basi

Hapa pumua. Skrini ikionyesha maandishi yoyote, umeme, prosesa, rami na picha vimepita ukaguzi wa kwanza. Soma kilichoandikwa, kipige picha kwa simu.

Ujumbe wa "CPU Fan Error" unasema feni ya prosesa haionekani. Huenda imechomekwa kwenye pini za feni nyingine. "CMOS Checksum" pamoja na saa iliyorudi nyuma miaka mingi ni betri ya madabodi, namba yake CR2032, volti 3. Ipime: ikiwa imeshuka hadi karibu 2.5, ibadilishe.

Betri hiyo ina madhara ambayo watu hawayaunganishi nayo. Ikifa, BIOS husahau mipangilio na kurudi kwenye ya kiwandani. Pengine diski yako iliwekewa Windows ikiwa kwenye AHCI (njia moja ya madabodi kuzungumza na diski), na mipangilio ya kiwandani ni RAID (njia nyingine), au ulikuwa kwenye UEFI (mtindo mpya wa BIOS) na sasa imerudi kwenye mtindo wa zamani. Windows inafunguka nusu na kuanguka kwa skrini ya buluu yenye maneno "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE", au mashine inadai haioni diski ya kuanzia. Mtu anafuta kila kitu na kuweka Windows upya, kumbe ilikuwa kubadili betri na mstari mmoja kwenye BIOS. Kwa hiyo ukiona ujumbe huo, kwanza tazama saa ya BIOS. Ikiwa si sahihi, umeshapata njia.

Ujumbe wa "No bootable device" au unaokutaka uchague kifaa sahihi cha kuanzia, toa flashi zote kwanza, maana mashine inaweza kuwa inajaribu kuanzia kwenye flashi ya nyimbo. Kisha ingia BIOS kwa Delete au F2 na utazame kama diski imeorodheshwa. Ipo kwenye orodha lakini haianzi: panga upya mfuatano wa kuanzia. Haipo kabisa: zima, badilisha kebo ya SATA (inayounganisha diski na madabodi) na tundu lake, hizo kebo nyembamba hulegea kuliko tunavyodhani. Diski za M.2 (zile bapa zinazochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi) zitoe na kuzirudisha, uhakikishe skrubu yake ndogo imeshika.

Nembo inazunguka, Windows haifiki

Safari imefika kituo cha mwisho. Zima kwa kushikilia swichi mara Windows inapoanza kupakia, rudia, na kwa kawaida mara ya tatu Windows 10 na 11 huingia zenyewe kwenye sehemu ya ukarabati. Chagua Startup Repair kwanza. Ikishindwa, ingia Safe Mode (Windows ikiwa na vitu vya lazima tu) uondoe programu au dereva (programu inayoendesha kifaa) uliyoiweka karibuni, au toa sasisho la mwisho kupitia Uninstall Updates. Kompyuta yenye BitLocker (kufuli la Windows la diski) itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Kwa wanaoingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi umehifadhiwa humo, unaweza kuusoma kwa simu.

Kabla ya hatua yoyote inayoandika kwenye diski, chkdsk (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) ikiwemo, weka sikio karibu na kasha. Diski ya kuzunguka ikitoa mlio wa "tik, tik, tik" unaojirudia, kichwa chake kinashindwa kusoma, na kila dakika inayoendelea kuzunguka inaweza kuwa inakwangua zaidi. Zima hapohapo. Usijaribu ukarabati, usiigonge. Kama ndani yake kuna kazi isiyo na nakala, ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data ikiwa bado imezimwa. Kama haina mlio huo, itoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya SATA ya USB, nakili mafaili yaliyo muhimu kwanza, ndipo uirudishe na uendelee na ukarabati wa Windows.